Gadi Zilizochomelewa

Jumatatu ile nilimkuta mwanangu Gadiel amekaa juu ya cheni ya buldoza lake, miguu inaning'inia, na chai niliyompelekea imepoa hana habari nayo. Mashine ilikuwa imesimama nyuma ya zizi tangu mvua za vuli zilipokatika, hata kuku walishaifanya nyumba yao. Asubuhi hiyo alijaribu kuitoa. Injini iliwaka vizuri, moshi ukapanda juu ya migomba, lakini cheni ya upande wa kushoto ilijikokota kidogo tu ikaanza kulia, kilio cha chuma kinachosaga chuma, mpaka ng'ombe wakavuta kamba zao. Akazima.

"Imegoma?" nikamuuliza.

"Haijagoma, mama. Imechoka. Na mimi nimechoka."

"Kunywa chai kwanza."

"Alhamisi asubuhi lobedi linakuja. Lisipoikuta mashine pale chini barabarani, kazi anapewa mtu mwingine. Na mimi hapo basi. Nawaita watu wa skrepa waje waikate vipande, kisha naenda zangu Mirerani."

Lobedi ni lile tela refu la kubebea mashine nzito. Usharika mmoja wa kanisa huko Moshono ulikuwa unataka kusawazisha kiwanja cha kujenga ukumbi, na wazee wa usharika walimchagua Gadiel. Lakini lobedi haliwezi kupanda kwenye kijia chetu hiki chembamba cha mlimani. Ilikuwa lazima mashine ishuke kwa miguu yake yenyewe, ivuke mfereji, iteremke mpaka barabara ya kokoto. Kushuka huko ndiko kulikokuwa kumebaki kati ya mwanangu na Mirerani.

Na Mirerani mimi siitaki kuisikia. Mdogo wangu Sadoki aliingia shimoni huko kutafuta tanzanite na hatukurudishiwa hata koti lake. Kwa hiyo Gadiel aliposema neno hilo nilichukua kile kikombe, nikaenda kuipasha chai moto upya.

Buldoza lenyewe ni la mtumba. Alilipata kwa mkandarasi aliyemaliza barabara yake na hakutaka kulirudisha alikolitoa. Siku ya kulichagua Gadiel hakupoteza muda na rangi wala kiti. Alilala chali chini yake akatazama miguu: cheni, rola zinazotembea ndani ya cheni, na zile gadi, yaani mabamba ya chuma yanayofunika rola kwa pembeni ili mawe yasiingie. Vyote vilikuwa vimetumika lakini vilikuwa na uhai. Akarudi nyumbani anacheka peke yake.

Sasa wakati ule watu wa vyuma chakavu walikuwa wanapita huku mlimani kama nzige. Walibeba mfuniko wa shimo la choo cha shule, wakabeba bawaba za geti la jirani, geti likabaki limeegemea mti. Gadiel akaogopa wasije wakafungua bolti za gadi wakati amelala. Akamwita kijana wa kuchomelea, wakazichomelea bolti zote, kila moja, mpaka zikawa kitu kimoja na mabamba yake. Majirani walimsifu kwa akili hiyo. Nyumba nzima tulimsifu.

Jumanne akaja fundi Lesikar kutoka Sombetini. Ni Mwarusha mrefu, mtu wa maneno mengi, alipakia jeki na grainda kwenye bodaboda mpaka dereva akawa amekaa juu ya tanki la mafuta.

"Shikamoo, yeyo," akanisalimu, akiniita mama kwa lugha ya kwao.

"Marahaba baba. Umefika salama?"

"Mimi salama. Sijui mgonjwa."

Akapiga magoti kwenye cheni ya kushoto, akachungulia kwenye upenyo wa juu ya gadi, akaingiza kidole. Kidole hakikwenda popote. Akagonga kwa spana, na mlio ukawa mzito kama wa kugonga ukuta.

"Gadiel, rafiki yangu," akasema taratibu. "Nani amezika hizi rola?"

"Kuzika vipi?"

"Humu ndani kuna tope limekauka toka chini mpaka juu. Rola hazina nafasi hata ya kukohoa. Ulikuwa unafungua gadi unasafisha lini?"

Gadiel akaangalia upande wa migomba.

"Zimechomelewa," akasema.

Lesikar akasimama. Akaniangalia mimi, akamwangalia Rachel, mke wa Gadiel, ambaye alikuwa ameshika ndoo ya maziwa. Kisha akacheka mpaka akashika kiuno.

"Yeyo, nimeona mengi Sombetini. Nimeona mtu amefunga cheni kinyume. Lakini mtu aliyeichomelea mashine yake milango ili isiibiwe, huyu ndiye wa kwanza!"

"Cheka, cheka," Gadiel akasema. "Kwenu hamna watu wa skrepa?"

"Wako tele. Na wewe umewaandalia chakula. Mashine ikifa, si watakuja wapakie yote kwa pamoja?"

Nikaona uso wa mwanangu unaporomoka, nikaingilia kati. "Lesikar, kitendawili."

"Tega, yeyo."

"Nimemvalisha mtoto koti asichafuke, uchafu wote umelala ndani ya koti."

"Hiyo ni gadi. Mtoto ni rola." Akamwelekezea Gadiel spana. "Na mzazi asiyefua ndiye huyu hapa."

Hata Gadiel alicheka kidogo.

Tukavuta waya wa umeme kutoka jikoni, na grainda ikaanza kukata bolti. Cheche ziliruka mpaka kwenye majani makavu ya migomba, Rachel akasimama na ndoo ya maji kuzizima. Bamba la kwanza lilipoanguka, tope halikuanguka nalo. Lilibaki limesimama pale pale, limechukua umbo la bamba, hata alama za bolti zilionekana. Udongo wetu huu mweusi wa Meru ukilowa ni ugali, ukikauka ni tofali.

"Likiwa bichi," Lesikar akamwambia Gadiel, "unalitoa jioni kwa koleo kabla hujaenda kula. Mkeo hata hajapakua, wewe umeshamaliza. Likikauka, unaniita mimi."

Tukaanza kuchimba. Gadiel kwa sururu, Lesikar kwa mtaimbo, mimi kwa kijembe changu cha kupalilia maharage, nimekaa kwenye kigoda. Yalitoka mawe, mizizi, vipande vya majani, na ndala moja ya Rachel aliyokuwa amemsingizia mbwa. Saa za mchana jua lilikuwa kali, mlima wenyewe umejifunika, na kazi haionekani imepungua.

"Tufungulie maji ya mfereji yaje mpaka hapa," Gadiel akasema. "Yatalilainisha hili tope."

Hakujua kwamba Melkizedeki alikuwa amefika na amesimama nyuma ya zizi. Melkizedeki ndiye mzee wa mfereji wetu, anayegawa zamu za maji. Nyumba kwa nyumba, siku kwa siku. Tulisoma naye shule moja na tangu wakati huo anapenda kutokea pale anapotajwa.

"Maji ya mfereji yaje kuoshea grisi?" akauliza. "Halafu yaende kwenye maharage ya nani?"

"Shikamoo mzee," Gadiel akasema.

"Marahaba. Nakuuliza, maharage ya nani?"

"Nimesema tu, mzee."

"Mwaka jana ulipolileta hili dude ulivunja ukingo wa mfereji, watu wa chini wakalala bila maji. Nilikusimamisha na jembe ukajenga mbele za watu. Umesahau? Mimi sijasahau. Na nasikia Alhamisi unataka kuvuka tena. Huvuki."

"Mzee, nisipovuka—"

"Huvuki. Tandika lami hewani upite huko."

Akageuka akaondoka, fimbo yake inagonga mawe. Gadiel akaangusha sururu. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa kama mtu aliyesikia alichokuwa anakingoja. Akaenda kukaa kwenye kivuli cha zizi, akatoa simu, akawa anatafuta jina ndani yake, sijui la nani wa Mirerani au wa skrepa.

Mimi nikachukua ndoo, nikaenda bombani. Maji ya bomba huku hutoka kama machozi ya mtu mnafiki, lakini ndoo ilijaa. Nikaileta, nikamwaga kwenye tope, nikarudi kuteka nyingine. Magoti yangu yalikuwa yanawaka moto.

"Yeyo, kaa chini," Lesikar akasema.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Wewe bibi! Tega."

"Kuna mgeni amekaa kwenye magoti yangu. Sikumwalika, sijui alikuja lini, na nikimwambia tuondoke ananibana."

Lesikar akafikiri. Aliyejibu ni Gadiel, kule kivulini, bila kuinua uso: "Uzee." Kisha akasimama, akaja, akaninyang'anya ndoo. Ndoo zote zilizofuata aliteka yeye.

Kufikia jioni rola zote za kushoto zilikuwa wazi. Lesikar akazisukuma moja moja kwa mtaimbo. Zilizunguka kwa uvivu, lakini zilizunguka. Isipokuwa moja ya katikati. Hiyo ilikuwa imekwama muda mrefu, na cheni iliisugua upande mmoja mpaka upande huo ukawa bapa kama chini ya sufuria. Mafuta yake yalishavuja yote.

"Hii imekufa," akasema. "Ninayo nyingine kwenye banda langu, niliitoa kwenye mashine iliyokatwa. Si mpya, ila inazunguka. Kesho."

Upande wa kulia tulikuta nafuu. Huko tope lilikuwa limejaa nusu tu.

Jumatano kazi ilikuwa ya wanaume wawili na mimi nilikuwa wa kushika hiki na kile. Kwanza Lesikar alilegeza cheni. Kuna mahali nyuma ya gurudumu la mbele ambapo grisi hupampiwa ili lisukumwe mbele na cheni ikaze; sasa alifungua tundu lake kidogo kidogo, huku amekaa pembeni.

"Usiweke uso hapa," akamwambia Gadiel. "Grisi hii imebanwa na uzito wa mashine nzima. Ikikuruka inapasua ngozi."

Grisi ikatoka nyeusi, inajiviringa kama mnyoo. Cheni ikalegea. Wakaweka jeki juu ya magogo, wakainua, wakafungua ile rola iliyokufa. Ilidondoka kwenye matandiko ya majani kwa kishindo, wakaiburuta wote wawili wanahema. Ile nyingine ikapandishwa mahali pake kwa mtaimbo, kwa matusi na kwa jina la Bwana. Kisha wakapampu grisi upya. Lesikar akafunga uzi kutoka juu ya gurudumu la mbele mpaka kwenye rola ya juu, akatazama cheni imebonyea kiasi gani chini ya uzi. Mara ya kwanza akasema imekaza, itajitafuna. Akapunguza. Mara ya pili akasema imelegea, itavuka nje ya gurudumu. Akaongeza. Gadiel alitazama bila kuuliza swali, macho mekundu.

Zikabaki gadi. Zilikuwa zimelala kwenye nyasi, matundu yake yameharibika kwa kukatwa, na bolti za kuzifungia hatukuwa nazo.

"Zitapanda kwenye lobedi hivyo hivyo," Lesikar akasema. "Nitakuja Moshono nizitoboe upya, nizifunge kwa bolti. Bolti, Gadiel. Zinazofunguka."

"Nimekuelewa."

"Ila kesho unateremka rola ziko uchi. Jiwe likiingia kati ya rola na cheni, likizunguka nayo mpaka kwenye lile gurudumu la meno nyuma, cheni inaruka. Ikiruka pale kwenye mteremko, mimi siji. Ita skrepa."

Lesikar alipoondoka nilivaa kanga yangu nzuri nikaenda kwa Melkizedeki. Nilimkuta anampunguza mbuzi kwato.

"Umekuja kuniomba," akasema.

"Nimekuja kukuuliza. Zamu ya maji ya kesho asubuhi ni ya nani?"

Anajua zamu zote kichwani. "Ya kwako."

"Basi kesho asubuhi funga maji kule juu kwenye banio. Mfereji ubaki mkavu. Tutaujaza magogo ya migomba pale pa kuvukia, mashine ipite juu yake, kisha tutayatoa. Ukingo hautaguswa. Ukiguswa, nitakaa nijenge mimi."

"Na maharage yako? Yanatoa maua sasa hivi. Yakikosa maji zamu hii…"

"Maharage yangu nayajua."

Akamwachia mbuzi mguu. "Magogo ya migomba yanateleza, Mama Gadiel. Yatapondeka yawe uji."

"Uji huo tutauzoa."

"Wewe tangu darasa la pili ni mbishi."

"Na wewe tangu darasa la pili ni mchongezi. Utafunga maji au hufungi?"

Akarudi kwenye kwato za mbuzi wake. Lakini Alhamisi asubuhi nilipofika mferejini ulikuwa mkavu, vyura wanashangaa, na Melkizedeki mwenyewe amesimama ukingoni na fimbo yake.

Rachel alikata migomba. Ile iliyokwisha kuvunwa haikutosha, akakata na miwili yenye mikungu michanga. Sikumkataza. Tukalaza magogo ndani ya mfereji, tukapanga mengine juu ya kingo, mpaka pakawa kama kitanda. Kisha Rachel akabeba hotipoti la ndizi nyama, akatangulia kushuka barabarani, kwa sababu dereva wa lobedi alikuwa ameshapiga simu mara kadhaa akisema ana tripu nyingine Njiro na hamsubiri mtu.

Mashine ikaja. Safari hii haikulia. Ilinguruma na ardhi ikatetemeka chini ya ndala zangu, na nilimwona mwanangu juu ya kiti amekaza taya. Ilipopanda juu ya migomba, magogo yalipasuka, maji yake yakaruka, cheni zikateleza kidogo upande. Melkizedeki akainua fimbo. Gadiel akatulia, akaisubiri ikae, akaisogeza tena polepole. Ikavuka. Melkizedeki akainama akakagua ukingo, huku na kule, kama mtu anayetafuta sindano. Hakupata kosa. Nadhani ilimuuma kidogo.

Mbele ya hapo ni mteremko wa mawe. Nikatangulia mimi, nimeinama, naokota mawe natupa kando. Mgongo ulikuwa hautaki kunyooka. Melkizedeki alikuwa anafuata nyuma, sijui kwa nini, mfereji wake ulishabaki juu. Ghafla nikamsikia anapiga kelele.

"Jiwe! Simama! Jiwe!"

Gadiel hakusikia kitu. Injini ilikuwa imemeza sauti zote. Niligeuka nikaliona. Jiwe la ukubwa wa ngumi limeingia kushoto, limekaa juu ya cheni, linakwenda na cheni kuelekea nyuma. Nilisimama katikati ya njia, mbele ya lile sepetu kubwa la chuma la kusukumia udongo, nikatandaza kanga yangu mikono miwili. Sikuwaza kitu. Nilimtazama tu mwanangu machoni.

Sepetu lilisimama karibu yangu kiasi cha kusikia joto lake. Injini ikanyamaza.

"Mama! Unataka kufa?" Alikuwa analia, na hajui kama analia.

"Jiwe. Kushoto. Shuka ulitoe."

Aliruka chini na mtaimbo. Jiwe lilikuwa limebanwa kwenye ile rola ya mtumba, bado kidogo lifike kwenye meno. Alisukuma, halikutoka. Melkizedeki akaweka fimbo yake chini, akashika mtaimbo pamoja naye, mzee na kijana, wakajilaza juu yake kwa uzito wao wote, mpaka jiwe likafyatuka likapiga mti. Gadiel alikaa kwenye majani, kichwa kati ya magoti.

"Siwezi, mama. Dereva ameshaondoka. Najua ameondoka."

"Basi twende tukapaone alipokuwa ameegesha."

Akapanda. Mimi na Melkizedeki tukaokota mawe bega kwa bega mpaka chini, yeye akinung'unika kwamba naacha madogo.

Dereva hakuwa ameondoka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori, hotipoti kwenye mapaja, ananyonya mfupa.

"Bi mkubwa shikamoo," akaniambia. "Huyu mkweo ameniteka. Kila nikiwasha gari ananiongezea."

"Marahaba. Maliza, baba, maliza."

Mashine ikapanda kwenye tela taratibu, ikafungwa kwa minyororo, gadi zikalazwa kando yake. Dereva akapiga honi. Gadiel hakupanda. Alichukua koleo, akalala chali chini ya mashine juu ya tela, akaanza kukwangua uji wa migomba kwenye rola, moja baada ya nyingine, kabla haujakauka.

"Oya kaka, tutafika lini?" dereva akapiga kelele.

"Bado upande mmoja," sauti ya Gadiel ikatoka chini.

Alipomaliza akanijia, amechafuka mpaka kope. Akanishika bega kwa mkono wenye grisi. Akapanda mbele kwa dereva, Rachel akamrushia sweta lake. Lobedi likaondoka kuelekea Moshono, na mavumbi yakatufunika sote.

Kupanda kurudi kulikuwa kurefu. Tulitoa magogo yaliyopondeka mferejini kwa mikono, mimi, Rachel na Melkizedeki, tukakwangua mpaka udongo ukaonekana. Kisha yeye akapanda banioni kufungua. Maji yalikuja yamebeba majani, yakapita mbele yangu pale ukingoni, na sehemu ya kuyageuzia kuelekea shambani kwangu ilikuwa hatua chache tu.

Melkizedeki akarudi anahema. Akaangalia jua, akaangalia maji, akaona haya kusema.

"Zamu yako imekwisha, Mama Gadiel."

"Najua. Yaache yapite," nikamwambia. "Nipe mkono niinuke."